Shusha Pumzi Kwanza, Ndipo Upimwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa futi, yaani ule utepe wa kupimia nguo, nikaambiwa niingie nyuma ya pazia. Sikujua kukata, na kushona kwangu hakukuzidi foronya. Nilikuwa na sifa moja tu ambayo Fundi Mkuu hakuwa nayo, nayo ni kwamba nilikuwa mwanamke. Duka lake lilikuwa Mkunazini, chumba kimoja chenye cherahani tatu na baraza ya kukalia wateja. Yeye alikuwa bingwa wa kanzu za kiume, na wanawake nao walitaka awashonee, lakini hakuwa mtu wa kumzungushia futi mke wa mtu. Kabla yangu walikuwa wakimletea gauni kuukuu liwe kiolezo, na kila gauni jipya likarithi makosa ya lile la zamani.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa Malindi, mnene, mwingi wa vicheko. Nikampima kifua, nikashuka kiunoni. Mara nikasikia sauti ya Fundi Mkuu upande wa pili wa pazia.

"Rukia!"

"Naam."

"Mteja kavuta pumzi au kashusha?"

Nikamtazama. Alikuwa kaivuta kama anayetaka kuzamia, tumbo lote kalirudisha ndani, na macho yake yananisihi nimsitiri. Nikajibu, "Kashusha, Fundi." Gauni likashonwa kwa uongo ule. Siku aliyokuja kulijaribu, zipu ilifika nusu ya mgongo ikagoma, na vicheko vyake vyote vikaisha. Fundi Mkuu hakunigombeza mbele yake. Alilifumua lile gauni mwenyewe, uzi mmoja mmoja, kisha akaniambia, "Mtu akipimwa hujificha. Mwambie ashushe pumzi kwanza, ndipo umpime. Na asimame anavyosimama siku zote, si anavyosimama mbele ya kioo."

Nilikaa kwake miaka mingi, nikatoka nyuma ya pazia nikafika kwenye meza ya kukatia. Alinifundisha kwa kanzu kwanza. Badani ni vile vipande vikubwa vya mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni, vinavyoipa kanzu nafasi ya kupiga hatua. Kikwapa ni kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa chini ya mkono, mtu aweze kuunyanyua bila kuipasua nguo. "Kikwapa hakionekani," alikuwa akisema, "lakini kikikosekana kila mtu ataona." Na alikuwa na ada yake moja iliyokuwa ikinichekesha. Mabaki ya kitambaa cha kila mteja aliyatia ndani ya foronya, akaandika jina, akaitundika ukutani. Hayatupwi, asema, mpaka mwenyewe aivae nguo, akae, ale, ainuke. Ukuta wetu ulijaa foronya, na wageni waliopita pale njiani walidhani tunauza mito.

Macho ya Fundi Mkuu yalipoanza kumsaliti, alifunga duka. Mimi nikaajiriwa Darajani kwenye duka la nguo za tayari, zilizoletwa kwa marobota kutoka nje. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja, mtu nadhifu, mwepesi wa maneno, ambaye hakupata kushika sindano maishani mwake. Hapakuwa na chumba cha kujaribia. Mwanamke aliingia na buibui lake, akalivaa gauni juu ya nguo alizokuja nazo, akajitazama kwenye kioo kidogo kuliko sinia. Kikaratasi cha shingoni kikisema kubwa, basi ni kubwa kwa watu wa huko lilikoshonwa. Likimkaa kifuani halipiti nyongani. Likipita nyongani, mabega yanamteremka. Nyinyi wa leo mnaochagua nguo kwa picha za simu, kisha ikaja nguo ya mtu mwingine kabisa, msidhani mateso hayo mmeanza nyinyi.

Mteja akinung'unika, Meneja alikuwa na dawa mbili. Ya kwanza: "Mama, chukua tu, ukipungua itakukaa." Ya pili aliitoa kwa mwenye kujaribu nguo nyingi: "Mchagua jembe si mkulima." Nami nikacheka naye. Niseme kweli, nilicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi siku zile nilikuwa mwembamba, kila nguo ya robota ilinikaa.

Hapo ndipo nilipomjua Bi Mwanakhamis wa Paje. Alikuwa mkulima wa mwani. Alikuja mjini siku za maji mafu, bahari isipotoka sana na kazi ikapungua. Alikuwa wa makamo, mrefu, mabega mapana, na mikono iliyojaa kwa kazi ya kuvuta kamba na kubeba magunia yanayochuruzika maji. Alijaribu gauni la kwanza, mkono ukakwama juu ya kiwiko. La pili vile vile. Meneja akamletea lililo kubwa kuliko yote dukani. Mikono ikapita, lakini mwilini likawa hema. Bi Mwanakhamis akajitazama kidogo, akalivua, akanunua mtandio.

"Mtandio na viatu, Bi Rukia," akaniambia akicheka, "hivyo ndo havinikatai."

Toka siku hiyo nikaanza kuwatazama. Wangapi waliingia kutaka gauni wakatoka na mtandio! Na kila mmoja aliomba radhi anapotoka, kama kwamba ni yeye aliyeiharibu nguo.

Baadaye niliacha kazi ya duka, nikaweka cherahani yangu nyumbani, Jang'ombe. Siku moja akanijia msichana na kitambaa cha rangi ya zabibu na kamba mkononi. "Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa Sabra, binti pekee wa Bi Mwanakhamis, naye anaolewa. Kitambaa kilikuwa sare, yaani kile kitambaa kimoja wanachoshona wanawake wote wenye shughuli, na kipande cha mama yake ndicho cha mwisho kilichobaki. Mama mwenyewe hakuweza kuja. Lilikuwa bamvua, bahari inatoka mbali, na mwani haumngoji mtu. Basi alijipima kwa kamba ya kazini kwake akapiga vifundo. Ukianzia ncha iliyounguzwa moto, kifundo cha kwanza ni unene wa mkono, cha pili kiuno, cha tatu kifua, cha nne nyonga, na cha mwisho ni urefu.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," nikasema. "Na mwambie siku hiyo atoke jikoni! Kila harusi nnayosikia habari zake, yeye yuko na masufuria. Kupika gani huko anakokupenda?"

Sabra akainamisha kichwa. "Mama hapendi kupika, Bi Rukia. Mama hana nguo. Kashasema na hii isipomkaa, harusi yangu ataiona kutoka jikoni."

Maneno yale yaliniingia. Sasa sikiliza ujinga wangu. Niliilaza ile kamba juu ya futi, nikafika kifundo cha kwanza, nikasema moyoni, huu mkono au paja? Nikajiambia kajipima juu ya kanga. Watu wa shamba hawajui vipimo. Mimi, niliyezishika nguo za robota miaka yote ile, nikajiona naijua mikono ya wanawake kuliko wenyewe wenye mikono. Nikapunguza. Nilikata mkono wa gauni kwa upana niliouzoea, nikapiga bandi, yaani mshono wa muda, nikauona mzuri, nikashona moja kwa moja. Mabaki nikayatia ndani ya foronya kwa mazoea tu, nikaandika jina, nikaitundika ukutani.

Bi Mwanakhamis alikuja kulijaribu siku mbili kabla ya harusi. Kifua kilikubali. Kiuno kilikubali. Mkono ukafika pale pale ulipokwama Darajani, juu ya kiwiko, ukasimama.

Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Aliutoa mkono taratibu asije akaipasua kazi yangu, akalikunja gauni vizuri akaliweka kitandani. "Si kitu, Bi Rukia. Wali wa watu wengi unataka mtu mzima wa kuutazama."

"Ulijipima juu ya kanga?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kutokea.

"Nlijipima majini, nguo zote nshazikunja. Mkono huo ndo wangu."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mwanamke huyu alikuwa ameshusha pumzi, kasimama anavyosimama siku zote, kaniandikia ukweli wake kwa vifundo, na mimi ndiye niliyeukataa. Meneja angalau hakujua kushona.

"Kaa," nikamwambia. "Usende popote."

Niliiteremsha foronya yake ukutani nikaimwaga kitandani. Vipande nilivyokuwa nimevikata kwenye mikono vilikuwemo, virefu, vizima, na upana wao ndio ule ule niliomnyima. Nikaufumua mshono wa chini ya mkono kutoka kiwikoni mpaka ubavuni, nikatia kipande kama taharizi, na kwapani nikakata kikwapa cha kanzu, pembe nne, kama nilivyofundishwa Mkunazini. Kila mkono nikaufanya hivyo. Bi Mwanakhamis alikuwa akinipitishia pini.

Akavaa. Mkono ukapita kiwiko, ukapita pale penye unene, ukafika begani.

"Nyanyua mikono," nikamwambia. Akainyanyua yote miwili. "Inama kama unafunga mwani." Akainama, akanyooka. Nikausikiliza mshono, kimya. Alizunguka kwenye kioo, akajishika mabega, akajishika tena, kisha akakaa kitandani kwa uzito na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilicheka naye, na safari hii sikuwa na Meneja. Nilihisi nimetuliwa gunia lililolowa maji.

Harusini nilikwenda. Wanawake wamejaa ukumbini, sare ya zabibu tupu kila upande, na Bi Mwanakhamis yuko mbele kabisa, kavaa asumini, kanyooka. Katikati ya shughuli akaja mtu kutoka jikoni, jasho linamtoka. "Bi Mwanakhamis! Njoo utazame wali, wenzio wanakungoja!"

"Naam," aliitika, na wala hakujisogeza. "Wali una wapishi wake. Mie leo ni mama wa bibi harusi." Akanyanyua mkono juu kupiga vigelegele pamoja na wenziwe, na kikwapa hakuna aliyekiona.

Sasa nimestaafu. Macho hayatungi tena uzi sindanoni, na miaka ya kuinamia cherahani imenipinda mgongo, bega moja limepanda juu ya lingine. Mwezi uliopita nilikwenda Darajani kutafuta gauni la kuvaa, maana mjukuu wa Bi Mwanakhamis anafanyiwa akika. Nilizunguka maduka mpaka miguu ikaniwaka. Kila gauni mbele lilining'inia, nyuma likapanda. Binti mmoja muuzaji akaniambia kwa adabu, "Bibi, jaribu kunyooka kidogo." Nikatoka na mtandio. Njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu, maana nilimwona Meneja wangu yuko mbinguni au popote alipo, anashangilia.

Nilimpigia simu Bi Mwanakhamis kumwambia sitaweza kuja, magoti yananiuma. Uongo huo aliufahamu mara moja. Kesho yake alikuwa mlangoni kwangu na kamba mkononi.

"Simama, Bi Rukia. Nnae fundi wangu Paje. Na nshamwambia, vifundo vyangu havipunguzwi."

Nikasimama. Alipoizungusha ile kamba kifuani kwangu nilijikuta navuta tumbo, nalilazimisha lile bega lishuke, nanyoosha mgongo ambao haunyooki tena. Mimi, mwenye kazi hii! Bi Mwanakhamis akaacha kupima. Akaniwekea mkono wake begani, ule mkono, mzito na wa moto.

"Simama unavyosimama siku zote," akasema.

Nikashusha pumzi, akapiga kifundo.