Neno "Kamili" Kwenye Daftari la Muleba

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, mtu mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa nidhamu, alinitazama akasema, "Bwana Hamisi, hiyo itakunasa kwenye feni. Ivue, uchukue daftari." Ndivyo nilivyoanza kazi Bukoba, katika shirika lililoendesha zahanati na kliniki hadi Muleba.

Ninyi vijana mnaopakua mnachotaka mkiwa mmelala chali mtatucheka. Seva zetu, yaani kompyuta kubwa za kutunzia rekodi za wagonjwa, zilitumia Linux. Huko programu huja kama kifurushi, na kifurushi hakiji peke yake. Kina vitegemezi, vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakikamiliki. Penye mtandao, mashine yenyewe huvifuata kwenye ghala la mtandaoni. Muleba mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo tulipakua kila kitu Bukoba, tukakijaza kwenye flashi, tukapanda basi.

Kila seva ilikuwa na daftari lake jeusi lililofungwa kwa kamba kwenye kabati. Ukiweka kifurushi, unaandika jina, toleo na vitegemezi vyake vyote, kisha unaandika "kamili" na kutia sahihi. Mkuu hakuwa na mzaha na daftari hilo. "Mwenzako atakuja na wewe hupo," alikuwa akisema. "Daftari ndilo litakalomjibu."

Mwenzangu alikuwa Adventina, binti wa kijiji cha Kishanda, tuliyeajiriwa naye mwezi mmoja. Alikuwa na kichwa kuliko mimi, nasema wazi. Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Yeye alisoma kila mstari ulioandikwa na mashine, midomo ikimcheza kama anasali rozari. Nilimtania, "Imeshasema amina?" Naye alijibu, "Hamisi we, ungesoma nusu yake ungekuwa mkuu." Kila akitoka kwao aliniletea akamwani, ile kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani ikakaushwa. Alipasua tunda kwa meno, punje moja yake, nyingine yangu. Sikuwahi kuwa na rafiki kazini kama yule.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilitumwa Muleba kuweka toleo jipya la programu ya rekodi. Katikati ya kazi mashine ikakataa: kitegemezi kimoja hakipo. Nilikisahau Bukoba. Kilikuwa kidogo tu, kazi yake kubana mafaili wakati wa kutengeneza nakala ya akiba. Ilikuwa siku moja kabla ya Idi, na basi la mchana lilikuwa linakaribia kuondoka. Ipo amri ya kulazimisha kifurushi kiingie hata kama kimepungukiwa. Nikaitumia. Programu ikafunguka vizuri, wauguzi wakashukuru. Nikaandika "kamili", nikatia sahihi, nikaenda kula pilau kwetu. Niliahidi moyoni kwamba nitarudi kukiweka. Sikurudi.

Wiki tatu baadaye diski ya seva ile ikaanza kuchoka, akatumwa Adventina kuibadilisha. Akafungua daftari: kamili, sahihi yangu. Akatazama nakala za akiba: zipo, moja kwa kila siku. Kwa utaratibu wetu diski ya zamani hufutwa, maana ina siri za wagonjwa. Akaifuta. Alipofungua nakala zangu za wiki tatu zile, zote zilikuwa tupu, maana kile kitegemezi cha kubana hakikuwapo. Wazee wa kliniki ya kisukari wakaanza kupimwa upya, na wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri.

Mkuu alituita ofisini.

"Binti, ulihakiki nakala kabla ya kufuta?"

"Hapana, mzee. Niliamini daftari."

"Daftari linasema kila kitu kilikuwa sawa. Kuna mwenye la kusema?"

Adventina alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Akageuka kunitazama. Mimi nikatazama meza. Mke wangu alikuwa mjamzito, na mkataba wangu ulikuwa bado wa majaribio. Hizo ndizo sababu nilizojipa, na miaka yote hazikunitosha. Mkataba wake haukuongezwa. Baadaye kidogo nikapewa cheo ambacho kila mtu alijua kingekuwa chake.

Nimestaafu mwaka huu. Wamenipa cheti chenye maneno "mtumishi mwaminifu", nami sijakitundika. Wiki iliyofuata nilikwenda Kishanda. Nilimkuta shambani akipunguza majani ya migomba, nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Kompyuta hakuigusa tena. Kila alikoomba kazi waliuliza aliachaje ile ya kwanza.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mashine huandika kila amri inayopewa na jina la aliyeitoa, kwenye diski ya pili ambayo haikufutwa. Lilikuwapo jina langu, amri ya kulazimisha, saa na dakika.

"Niliichapisha siku ileile," alisema. "Ilikuwa mkobani tulipoitwa ofisini."

"Kwa nini hukuitoa?"

"Nilisubiri uanze wewe. Nikasema nikiitoa mimi, nitabaki na kazi, nimkose Hamisi." Akaikunja tena karatasi yake. "Kumbe nilikuwa navikosa vyote."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Vijana, amri ile ya kulazimisha ipo hadi leo, na siku moja mtakuwa na haraka. Andikeni mlichopunguza. Ni mstari mmoja tu, ungenichukua dakika moja.

Hakunifukuza. "Karibu ukae, waitu, Ta Hamisi," alisema, kwa maneno ya heshima ya Kihaya ambayo hakuwahi kunipa tulipokuwa marafiki. Akaniletea akamwani, sahani nzima, akaiweka mbele yangu kama anavyowekewa mgeni yeyote. Yeye hakuchukua hata punje moja.