Nilipanga Upepo wa Tanga kwa Peasi Zangu

Mhariri, jina langu liache pembeni. Wa kwetu wakisoma habari hii hawatalihitaji. Watanitambua kwa peasi.

Mkosaji ni mimi. Kosa hili nimelihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, nikitumaini mara ya pili litapungua. Wapi! Mara ya pili yalikuwa mawili.

Kwetu ni huko juu milimani Lushoto, ukiipita Lukozi, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na karakana ya useremala, na mkuu wake alikuwa rafiki yangu Hoza. Tuliingia jando siku moja, mimi na yeye, na alilia kidogo kuliko mimi. Alikuwa na vijana sita chini yake. Walitengeneza milango, vitanda na majeneza, na kazi ilipokosekana vijana walishuka bondeni kukata mkonge, wengine wasirudi.

Basi akapanda Mzungu mmoja, meneja wa kiwanda huko Tanga, amekuja kutafuta baridi. Alitaka kabati. Alipoona jinsi Hoza alivyopiga randa mbao za podo, akalisahau kabati. Akachukua karatasi akachora ubao mrefu kama mlango wa kanisa, juu yake mlingoti na tanga moja. Mtu anasimama juu ya ubao, anashika tanga kwa mikono yake, na upepo unampeleka. Si mashua, si ngalawa. Mchezo tu! Watu wazima wanacheza hivyo huko kwao. Ubao wake ulivunjika bandarini kabla hata haujaloa, na yeye mwenyewe alikuwa mgeni, mwaka hajamaliza nchini.

"Nitengenezee mmoja," akamwambia Hoza. "Nikiuona unakwenda kwa macho yangu, mimi na wenzangu tutaagiza kumi na mbili. Lakini iwe kabla ya Machi kwisha. Aprili naenda likizo."

Kumi na mbili! Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano jioni ile ile. Kazi ya kumi na mbili maana yake vijana sita wanabaki nyumbani, hakuna kushuka kwenye mkonge. Mama zao walipiga vigelegele kabla ubao wa kwanza haujakatwa.

Hoza akautengeneza. Mke wake akashona tanga kwa kitambaa cha marekani. Kikabaki kitu kimoja tu: siku. Lori la kijiji lingeshuka Tanga mara moja kwa safari hiyo, basi. Na siku hiyo lazima upepo uwepo. Nani anajua upepo wa baharini huku kwetu kwenye kabichi? Wakanitazama mimi, kwa sababu nina shangazi Tanga na nina mdomo.

Nikateremka mwanzoni mwa Januari. Shangazi yangu ni Mshambaa aliyeolewa Tanga zamani, mume akafa, akabaki kufua nguo za watu. Nilimkuta anaanika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umeniletea nini kutoka nyumbani?"

"Nimeleta swali."

"Swali haliliwi. Haya, uliza."

Nikamweleza habari ya ubao. Alicheka mpaka akakaa juu ya beseni. Kisha akanionyesha kamba yake. Mashati yalikuwa yamejaa upepo, mikono mbele, kama yanagombania basi.

"Huu ndio kaskazi," akasema. "Sasa hivi na Februari. Asubuhi pametulia, mchana naweka vibanio viwili kila shati, la sivyo nalifuata kwa jirani. Machi ikielekea kwisha, upepo unakufa. Nguo zinaning'inia kama zimefiwa. Baadaye masika, hapo hata usiulize. Upepo wa nguvu unarudi na kusi, Juni, Julai. Kwa hiyo waje lini?"

"Kabla ya Februari kwisha."

"Rudia."

Nikarudia. Mara mbili! Hakuna hakimu atakayenipa nafasi ya kusema sikuelewa.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Nina miti kumi na moja ya peasi. Peasi zangu huiva Machi, tena mwishoni. Siku hizo matunda yalitakiwa kupitia ushirika, na ushirika ulikuwa na haraka ya jiwe. Ukishusha mwenyewe, unaitwa mlanguzi. Lakini lori la kijiji lenye ubao mkubwa wa maendeleo, nani atalipekua?

Nikiwa ndani ya basi, kuanzia Mombo kupanda Soni, nilianza kuhesabu kona. Kila kona niliyoihesabu, upepo wa shangazi ulisogea mbele kidogo. Nilipofika Lushoto ulikuwa umeshafika mwisho wa Machi.

Mkutanoni nikasimama. "Ndugu mwenyekiti, upepo wenyewe ni wiki ya mwisho ya Machi."

Mzee mmoja akainua fimbo. "Machi? Una hakika?"

"Wazee wangu, nawauliza. Upepo unaotuangushia peasi hapa unakuja lini?"

"Machi!"

"Na unapanda kutoka wapi?"

"Bondeni!"

"Na bondeni unatoka wapi?"

"Baharini!"

Wakapiga makofi. Walijijibu wenyewe, na mtu akijijibu mwenyewe huwa hana wasiwasi. Sisi wa milimani tunadhani kila upepo duniani unapita kwetu kwanza kutoa taarifa. Hoza peke yake alinisogelea.

"Mgosi, ndugu yangu, umehesabu vizuri?"

"Mara mbili."

Akanipa mkono. Ee Mungu wangu, ule mkono!

Siku ya safari nilipakia matenga kumi na manne usiku usiku chini ya ubao, nikayafunika kwa tanga. Asubuhi Hoza akanusa.

"Haya ni nini?"

"Ya kuzuia ubao usicheze njiani."

"Mbona yananukia?"

"Kazi yako inastahili kunukia, mgosi."

Akacheka. Alikuwa amevaa suruali yake ya harusi.

Tulifika ufukweni Tanga saa sita. Mzungu alikuwa amekuja na wenzake, wamebeba viti, mwavuli na chai ya chupa. Shangazi naye alikuja na kanga mpya, kumwona fundi wa nyumbani. Na bahari, ndugu zangu! Bahari ilikuwa imelala kama uji uliopoa. Hata jani la mnazi halikujisumbua.

Hoza, ambaye hajui kuogelea, aliingia majini mpaka kifuani, akapanda juu ya ubao. Ukaelea! Sawasawa kabisa, haukuegemea upande wowote. Akainua tanga. Tanga likaning'inia kama kanzu iliyoloa. Akasubiri. Nasi tukasubiri. Mmoja wa wale Wazungu alimaliza kikombe cha pili cha chai. Saa nzima Hoza alisimama pale, amenyoosha mikono, suruali ya harusi imeloa, anatafuta upepo kwa shavu moja, kisha jingine.

Mzungu akatazama saa yake. "Nani aliwaambia mje Machi?"

Kabla sijafungua mdomo, shangazi akanigeukia mbele ya wote. "Lakini mwanangu, si nilikwambia kabla ya Februari kwisha? Si ulirudia?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Nilipaona kabisa.

Nikacheka kicheko kidogo, nikamwambia mwenyekiti, "Shangazi amezeeka. Anachanganya miezi."

Shangazi alinitazama, akatazama lori, akatazama matenga ambayo sasa hayakuwa na tanga la kuyafunika. Kisha akajitanda kanga yake kichwani, akaondoka zake taratibu. Hakugeuka.

Hilo ndilo kosa la pili, lile lililozidi niliporudia hesabu.

Mnataka kujua peasi? Ziliisha zote kabla ya magharibi! Watu wa Tanga walizigombania. Zingeoza, leo ningekuwa na la kujitetea, ningesema nami nilipata hasara. Hazikuoza hata moja.

Yule Mzungu alikwenda likizo, akarudi na mbao za plastiki kutoka kwao. Kumi na mbili. Kabla mwaka haujaisha vijana wanne kati ya sita walikuwa wameshashuka kwenye mkonge. Mmoja ni mtoto wa dada yangu. Kijijini hakuna aliyenilaumu. Walisema bibi wa Tanga amezeeka, masikini, anachanganya miezi. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Hoza alisikia maneno ya shangazi pale ufukweni, na aliona matenga. Hajawahi kuniuliza. Aliutia ubao miguu minne, akauweka kituo cha basi, ukawa benchi. Kila anayesubiri basi anaukalia, na mimi pia. Benchi halitikisiki.

Na kila Januari, tangu mwaka uliofuata, konda akiteremka kwenye basi la kutoka Tanga huniita kwa sauti mbele ya kituo kizima: "Wewe! Shangazi yako anakusalimu. Anasema upepo umeshaanza."

Basi. Hana neno jingine. Mwaka wa kwanza watu walicheka. Mwaka wa pili walicheka wachache. Mwaka huu konda alipomaliza, hakucheka mtu, na Hoza aliyekuwa amekaa kwenye lile benchi akasogea kidogo, akaniachia nafasi. Sikuweza kukaa.

Nikapanda basi lile lile likigeuza kurudi Tanga. Januari peasi zangu ni ngumu kama kokoto, kwa hiyo nilishuka mikono mitupu, safari hii bila hata swali. Nilimkuta shangazi anaanika. Sikutoa hata shikamoo vizuri. Shati moja lilichomoka kwenye kamba, nikalikimbilia mpaka kwa jirani, nikalirudisha. Akanipa kibanio cha pili.

"Umeuona?"

"Nimeuona, shangazi."

"Basi kawaambie wa nyumbani."

Ndiyo nawaambia. Mkutano ujao nitasimama niseme kwa mdomo, lakini naujua mdomo wangu, kwa hiyo nimetanguliza maandishi.

Ninyi mnaotaka kupeleka ubao wa tanga Tanga, nendeni Januari au Februari, mchana, au msubiri Julai. Mwisho wa Machi kaeni nyumbani. Ushauri huu si wangu, ni wa mwanamke anayefua nguo, na hajachanganya mwezi hata mmoja. Na mtu yeyote akikuelekeza siku ya kusafiri, kabla hujampa mkono, muulize kwanza shambani kwake kunaiva nini.