Mashine Iliyofundwa na Jicho

Kiwanda kilitengeneza bawaba za milango. Kazi ya Mzee Grisi ilikuwa kulainisha mashine zinazozipiga. Mkewe, aliyeitwa Jicho na kiwanda kizima, aliketi chini ya taa akichambua bawaba: nzima kushoto, zenye ufa kulia. Na kulia huko huko alitupa yoyote yenye doa la buluu, lile linaloachwa na moto.

"Doa halina kosa, mama," meneja alimwambia miaka nenda miaka rudi. "Rangi ikipita halionekani."

"Hata wewe ukipakwa rangi utapendeza," alijibu Jicho, akaitupa bawaba kulia.

Siku moja meneja akamleta mhandisi, mwanamke mpole, na kisanduku cha kamera kisichozidi kopo la majani ya chai.

"Ndani kuna mtandao mwepesi wa neva," alieleza mhandisi. "Ni kama ubongo mdogo. Hautaki kompyuta kubwa. Ukionyeshwa nzima na mbovu, unajifunza."

"Ubongo mwepesi si tunao tayari?" aliuliza Mzee Grisi, akimtazama meneja. "Wa pili wa nini?"

Kisanduku kikaonyeshwa mafungu ya Jicho, kikajifunza. Nzima, taa ya kijani. Mbovu, nyekundu. Meneja alifurahi utadhani kajifungua yeye.

Kisha Jicho akaugua, akafa. Kiwanda kilileta maua ya plastiki, maana hayo hayanyauki, na kazi ikaendelea.

Ila kila bawaba yenye doa la buluu ikipita, taa nyekundu. Pipa la mbovu likafurika.

"Hii mashine ina kichwa kigumu!" meneja alifoka.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema Mzee Grisi.

Mhandisi akasema dawa ni kuifundisha upya, kwa mafungu mapya.

"Panga wewe, mzee," meneja akaamuru. "Zenye doa weka na nzima. Tuufute huu ukaidi wa marehemu."

Alimwambia hivyo mume wa marehemu. Ndiyo adabu ya ofisini.

Mzee Grisi akakalia kiti cha mkewe. Akaokota bawaba yenye doa. Mkono ukaenda kushoto, ukasita. Katika nyumba ile kikombe chenye alama hakikulala kabatini, na shati lenye doa halikuvuka mlango, hata likiwa na mtu ndani. Mkono ukaenda kulia. Na ya pili, kulia. Zote.

Mashine ikafundishwa. Sasa taa nyekundu iliwaka upesi kuliko mwanzo.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimepanga."

"Si nilikwambia doa halina kosa?"

"Hata yeye ulimwambia." Akajifuta grisi mikononi. "Mimi na hiyo mashine, mwalimu wetu mmoja."

Mhandisi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Meneja akakunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Kesho atapanga mtunza stoo! Yeye hana mke."

Kengele ikalia, watu wakaondoka. Mzee Grisi akabaki. Kesho kisanduku kingesahau, na nyumbani hapakuwa tena na wa kumgombeza.

Akachukua bawaba yenye doa, akaiweka chini ya kamera.

Nyekundu.

Akaigeuza, akaiweka tena.

Nyekundu.

"Haya, mama, usigombe," akasema. "Nimesikia."

Akaitupa kulia.