Majken na Bibi wa Kitabuni

Hakuna mtu hapa Kvarnsta ambaye Majken Öhrn hajawahi kumrudisha bafuni. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mabafu na bwawa la kuogelea la mji, na sheria yake ilikuwa moja tu: vua kila kitu, oga kwa sabuni, ndipo uyaguse maji. Mchungaji alirudishwa. Mwenyekiti wa halmashauri alirudishwa mara mbili asubuhi moja, mtupu kama alivyozaliwa, mbele ya wapiga kura wake. Majken mwenyewe alikuwa akioga nusu saa nzima kabla ya kuogelea, eti anaonyesha mfano. Alipostaafu tulimnunulia saa ya ukutani, tukashusha pumzi. Wiki iliyofuata alirudi palepale na kiti chake cha kutoka nyumbani.

Kwa hiyo alipojiunga na kikundi cha kusoma cha maktaba, akidai siku zote amependa vitabu, hakuna aliyemwamini. Tulijua alichokifuata. Alimfuata Siv.

Majken na Siv walikuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza, mpaka siku walipomzika Arne, mume wa Siv. Baada ya maziko watu wanakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, wananywa kahawa, na mwenye neno anasimama kumzungumzia marehemu. Majken akasimama, akagonga kikombe kwa kijiko, akasema kwa ile sauti yake ya bwawani: "Arne alikuwa mtu mwema. Lakini miaka yote ile hakuwahi hata siku moja kuoga kabla ya kuingia majini." Kisha akakaa chini, akavuta sahani ya keki ya mkate na uduvi, ile ya mazikoni kwetu, akala. Mtu mmoja alichekea puani. Siv hakucheka, na tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, hajamsemesha Majken.

Isipokuwa maktabani. Kule Siv hakuwa na namna, maana ukikaa kwenye kikundi lazima uzungumzie kitabu. Basi wakawa wanazungumza kupitia watu wa kwenye vitabu. Majken akisema mama fulani wa kwenye hadithi ana kiburi, Siv anamjibu Liv, yule msichana mkutubi, kwamba afadhali kiburi kuliko mdomo usio na breki. Majken alikuwa akirudi nyumbani kila Jumanne amefurahi, hata akiwa ametukanwa.

Sasa hiyo furaha ilikuwa inakwisha. Siv alikuwa ameuza nyumba, na Jumamosi alikuwa anahamia mji wa mbali, Gothenburg, karibu na binti yake. Jumanne hii ya Novemba ndiyo ilikuwa ya mwisho. Majken alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ya kumwambia mbele ya kioo, na kila mara yalitoka kama anamfukuza mtu bwawani.

Kitabu chenyewe kilimpandisha hasira zaidi. Kilimhusu bibi mjane wa mji mdogo, mtu wa maneno makali, aliyekosana na jirani yake. Ukurasa wa mwisho bibi amesimama mlangoni kwa jirani, mkono juu, na kitabu kinaishia hapo, hakuna anayejua kama alibisha hodi. Majken alikisoma mara mbili, ya pili kwa makusudi, akasirike vizuri.

"Haya, nani anaanza?" Liv aliuliza, akimimina kahawa.

"Mimi," akasema Majken. "Kitabu cha ovyo. Mtu wa namna ile hayupo duniani. Anamtukana mkwewe kwa ajili ya mapazia, anamwambia daktari kucha zake chafu, halafu anashangaa haalikwi popote! Hebu niambieni, nani angevumilia kukaa mji mmoja na mwanamke kama yule?"

 Gun-Britt, ambaye ndiye huoka skonzi za kikundi na humwogopa kila mtu, alikoroga kahawa isiyo na sukari. Torsten, mwanamume pekee, ambaye alikuja kwa ajili ya skonzi hizo, aliangalia dari.

"Mimi namjua mmoja," akasema Torsten mwishowe.

"Nani huyo?"

"Jina limenitoka."

Majken alijaribu kumkisia. Alimfikiria yule mama wa duka la dawa. Kisha akaona kwamba wote wanaangalia skonzi, dari, dirisha, kila kitu isipokuwa yeye. Ikamwingia polepole, kama maji baridi yanavyokupanda ukishuka ngazi za bwawa. Aliona aibu, na hakuwa mzoefu wa aibu, akadhani ni kiungulia.

"Mimi sikumchukia yule bibi," Siv akamwambia Liv. "Nilishindwa tu kumwelewa. Umpende mwenzako maisha yote, halafu siku ana msiba uje umwaibishe mbele za watu? Mwandishi angetuambia kwa nini."

"Labda hakukusudia," Majken naye akamwambia Liv.

"Sawa. Si angesema basi?"

"Labda alikuwa na maneno mengine, yakamkwama."

Torsten alikuwa anafunua kurasa. "Hayo ya msiba yako wapi? Mbona mimi siyaoni?"

"Nyamaza, Torsten!" akasema Gun-Britt. Hajawahi kumnyamazisha mtu maishani, hata paka wake.

"Na huyo jirani naye," Majken akaendelea, sauti imeanza kupanda, "amekaa huko ndani kimya. Si angefungua mlango?"

"Jirani alikuwa nyuma ya mlango muda wote," akasema Siv. "Amekaa juu ya maboksi, anasubiri hodi."

"Maboksi?" Torsten alilalamika. "Jamani, mimi nimepewa kitabu gani?"

Liv akatazama saa. Skonzi ilikuwa imebaki moja, na ya mwisho hapa kwetu haina mwenyewe. Utaikata nusu, mwenzako ataikata nusu ya nusu, mpaka ibaki makombo, lakini kuimaliza humalizi. Ilipobaki moja ilimaanisha watu wataanza kuchukua makoti. Majken aliona Siv ananyoosha mkono kuchukua skafu yake.

"Siv," akasema.

Jina hilo hakuwa amelitamka mbele yake tangu maziko. Siv akaacha skafu.

"Arne hakuoga."

"Majken, tafadhali," akasema Liv.

"Niacheni nimalize! Siku ile sikumaliza. Hakuoga kwa sababu wewe ulikuwa unaogopa kina, na unaoga chapuchapu kama unafukuzwa. Akawa anapita mbio, mkavu, ili ukitoka umkute keshafika kule upande wa kina. Siku ya kwanza nilifungua mdomo nimrudishe. Akaniambia, 'Majken, asiponiona haingii.' Nikafunga mdomo. Mji mzima huu ni yeye peke yake niliyempitisha mchafu. Mchungaji sijampitisha! Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Nikafika nusu, koo likaziba. Na mimi silii mbele za watu, kwa hiyo nikakaa, nikala."

"Ulikula vipande vitatu," akasema Siv. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Viwili havikutosha. Nisamehe, mwenzangu."

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotangazia kwamba bwawa linafungwa, na kule kwenye rafu za watoto mtu mmoja alisimama akachukua begi lake.

 Siv alinyoosha mkono, akaichukua ile skonzi ya mwisho, nzima, bila kisu. Gun-Britt akashika kifua. Siv akaing'ata, akatafuna, kisha akampa Majken iliyobaki.

"Sijaingia majini tangu afe," akasema.

"Najua. Si nakaa pale kila asubuhi."

"Jumamosi ninaondoka."

"Hilo nalo najua."

"Kesho saa moja asubuhi nitakuja," Siv akasema. "Lakini nikitoka bafuni nikukute upande wa kina. Nisipokuona siingii."

"Utanikuta."

"Utaoga saa ngapi wewe, na hiyo nusu saa yako?"

Torsten aliacha kufunua kurasa. Gun-Britt na Liv walimtazama Majken. Alitafuna skonzi mpaka ikaisha, akameza, akapangusa makombo kifuani.

"Basi sitaoga," akasema.