Kisu cha Mzee Ngassa Kilichokuwa Kinacheza

Hii habari nimeionea aibu miaka mingi, na kama mke wangu asingekuwa anaisimulia kila tukipata wageni (tena anaongeza chumvi) ningeendelea kuificha, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe niliyefanya upumbavu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni karani wa kaunta katika duka la Mhindi mmoja pale Geita, nauzia watu wa mgodini visu vya kukunja. Mwenye duka alinifundisha kuvikagua kimoja kimoja: unakifungua, unashika mpini kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili unaubana ubapa na kuusukuma kushoto kulia uone kama unacheza, kisha unakiinua kwenye mwanga uangalie kama pana upenyo kati ya ubapa na springi, mwisho unakifunga usikilize, kikilia "ka!" ni kizima. Baada ya miezi sita nikajiona bingwa (hata mlango wa mtu niliutikisa kwanza ndipo nikapiga hodi).

Sasa siku hiyo mimi na mjomba wangu Masanja tulikwenda karibu na Ibadakuli, kwa Mzee Ngassa, kumposa binti yake Kabula, ambaye nilikuwa nampenda si kidogo. Mambo yalikwenda vizuri, ng'ombe wakakubaliwa, mbuzi akachomwa. Kwa mzee huyo hakuna aliyegusa nyama kabla yeye hajaikata kwa kisu chake cha mpini wa pembe, alichokinunua alipouza pamba yake ya kwanza. Akakitoa, akanipa nikitazame, na hapo ningesema kizuri nikamrudishia, mambo yangeisha. Mimi nikaubana ubapa kwa vidole viwili.

"Baba," nikasema, "kinacheza."

Mjomba akanifinya paja. Lakini wazee walitaka kujua, nikawaeleza habari za springi na upenyo, nikaona wananisikiliza, kichwa kikavimba, nikajitolea kukitengeneza hapo hapo. Nikailaza ribiti, ule msumari unaoushika ubapa kwenye mpini, juu ya jembe, nikaigonga kwa jiwe mara nne (ya nne ilikuwa ya sifa tu). Kweli kikaacha kucheza. Nikakifunga wasikie mlio, kikalia vizuri sana, na hakikufunguka tena.

Ukucha ukavunjika. Nikajaribu meno. Nyama inapoa, wazee wanameza mate. Nikakipaka mafuta ya mbuzi, nikavuta kwa nguvu zote, kikaniponyoka kikaruka hadi mlangoni mwa jiko, nami nikakikimbilia nimeinamisha kichwa, nikamvaa mtu anayetoka na sinia la ugali, nikamkumbatia ili tusianguke. Alikuwa mama yake Kabula. Kwetu Wasukuma mama mkwe unampisha hata njiani, unaingia porini apite, humtazami usoni, na mimi nimemkumbatia, ugali umemmwagikia begani, mbele ya ukoo mzima. Nikakimbia nikajificha nyuma ya ghala la mtama, nikijua Kabula nimeshamkosa, na nikalia, siwafichi.

Mjomba alinifuata baadaye kidogo, akasema nimetozwa mbuzi wa kumwomba radhi mama, na mzee ananiita. Nikaenda nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Wazee walikuwa wanakula, nyama imekatwa kwa shoka.

"Ng'wana wane," Mzee Ngassa akaniambia, mabega yanatikisika kwa kubana kicheko, "mwanangu, kisu changu kimecheza miaka yote hii, lakini hakijawahi kunifikisha kifuani kwa mama mkwe wangu."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na nyama, na kutoka jikoni nikasikia sauti ya Kabula naye anacheka, nikajua bado ninaye. Siku ya arusi mzee alinipa zawadi mbele ya watu, imeviringishwa kwenye kitambaa: kisu kilekile, hakijafunguka. Ninacho mpaka leo, na hakijafunguka. Na tangu siku ile mtu akinionyesha kitu chake, kiwe kisu au baiskeli, nakishika kwa adabu, nasema kizuri, namrudishia. Kama kinacheza, na kicheze.