Salamu za Mama Neema

Mimi sijui kubuni. Hata nikisimulia safari ya dukani hurudi nyuma kujisahihisha. Kwa hiyo niamini: haya yalinipata mwenyewe, Stockholm, miaka ya themanini, katika treni ya kwenda Hjulsta.

Ilikuwa Desemba, saa tisa alasiri, na giza limeshaingia. Nilikuwa nimemaliza chuo, na Aprili nilitarajia kwenda kufanya kazi ya muda kwenye mizabibu, katika kijiji kimoja cha mlimani Ufaransa. Safari ilinitia wasiwasi, kama kila kitu kinavyonitia wasiwasi, hivyo nilikuwa nakirudia kitabu cha watalii, ukurasa wa kijiji hicho.

Mwanamke aliyeketi kando yangu, kitenge kikichungulia chini ya koti, akacheka kidogo.

"Ile kitabu inakudanganya, kaka," akasema kwa Kiswahili cha Kongo. "Itakupeleka kwa ngome, kama watu wote. Wewe pita nyuma ya kanisa. Kuna mahali pa kufulia pa zamani, maji yake haigandi hata kwa baridi. Kisha fuata njia ya mbuzi mpaka ukuta wa makaburi. Kaa pale jioni, utasikia kengele za mbuzi ng'ambo ya bonde."

"Watalii hawafiki huko?"

"Wafike kufanya nini? Mtoto wangu iko pale." Akageukia dirisha. "Anaogopa giza. Umusalimie. Umuambie mama anakuja."

Kwetu mtu akikupa salamu unafanyaje? Nikajibu, "Zitafika, mama," bila kufikiri, mimi ninayefikiria hata namna ya kufunga mlango.

Treni ikasimama kituo cha mwisho. Nikainama kuokota glavu. Nilipoinuka hayupo, na milango ilikuwa bado haijafunguka. Theluji ya viatu vyangu ilikuwa imeyeyuka ikafanya kidimbwi. Mbele ya kiti chake palikuwa pakavu.

Nilimsimulia Dada Salome, Mtanzania mwenzangu aliyenipangisha chumba. Akaacha kukanda unga wa chapati.

"Ana pengo hapa mbele?"

"Analo."

"Mama Neema huyo. Tulifanya naye usafi. Alipitia Ufaransa kabla ya kuja huku, akamzika binti yake huko. Kila mwaka alisema atarudi kumwona. Tumemzika Oktoba, hapa hapa." Akanitazama. "Na wewe ukasema zitafika?"

"Ndiyo."

"Basi umezipokea. Utazipeleka."

Nilizipeleka. Mahali pa kufulia palikuwepo, na njia, na ukuta. Chini ya ukuta, msalaba mdogo wa mbao wenye jina la Neema. Niliketi mpaka kengele za mbuzi zikasikika, nikasema kwa aibu, "Neema, mama anakusalimu. Anasema anakuja."

Kengele zikanyamaza. Kisha sauti ya mtoto, karibu na goti langu:

"Lini?"

Mama amelala chini ya theluji ya Stockholm, mtoto kwenye mteremko ule.

Tangu hapo, kila Desemba, giza likiingia napanda treni ya Hjulsta na kukaa pale pale, kiti cha kando nikikiacha wazi. Watu huketi, hushuka. Yeye hajarudi, na swali la mtoto bado ninalo.

Nawe uliye ugenini, mgeni akikupa salamu, usikimbilie kusema zitafika. Muulize kwanza utampata wapi ukirudi na jibu.