Gamba la Kakakuona Juu ya Mlango

Mimi ni mtu wa ndani. Kutoka chumbani hadi uani kwangu ni matembezi. Kutoka uani hadi barabarani ni safari. Mtu wa namna hii, mwenye cheti cha kidato cha nne na daraja ambalo sitalitaja, ndiye aliyekabidhiwa watoto wa tuisheni hapa Kariakoo awafundishe habari za wanyama walio hatarini kutoweka. Viumbe wasiofugwa ninaowajua kwa macho ni kunguru na panya, na hao, kwa bahati mbaya, hawana dalili yoyote ya kutoweka. Faru niliwaonyesha kwenye noti ya elfu tano, kisha nikamrudisha mfukoni haraka kabla naye hajatoweka.

Siku ya kakakuona nilijiandaa kweli. Nikaeleza kwamba ni mnyama mpole, akiona hatari anajikunja kama mpira, na watu wanammaliza kwa ajili ya magamba yake.

"Ticha, si ndiye yule anayetabiri?" akauliza mmoja. "Wanamwekea maji, mahindi na panga. Akigusa maji, mvua zinakuja."

"Basi atutabirie mechi ya watani!" akadakia mwenzake, na darasa likanishinda.

Nikakimbilia silaha ya walimu wavivu wote: vitisho. Nikakunja uso, nikasema kakakuona ni nyara ya serikali, na mtu akikutwa hata na gamba moja ni jela tu, awe kijana, awe kikongwe. Darasa zima likakaa wima. Nikajiona profesa.

Wenzake walipoondoka, binti mmoja wa darasa la tano akabaki mkekani, begi mgongoni.

"Huendi nyumbani, mama?"

"Ticha, bibi analo gamba. Kalifunga kitambaa cheusi, kaliweka juu ya mlango, la kuzuia mahasidi." Machozi yakaanza. "Wakimfunga, mimi nitakaa na nani?"

Swali halikuwa la mtihani. Huyo bibi ndiye aliyemlea, mwingine hana. Nikavaa suruali ya kutokea, ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya Idi, tukaenda mtaa wa pili.

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We leo umetoka nje? Kwenu kunaungua?"

Nikamweleza. Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa amegoma kupita chini ya ule mlango, amesimama barabarani analia.

"Yaani umemtisha mtoto hivi, halafu unajiita mwalimu?"

"Bibi, tulipeleke tu kwa mjumbe, yeye atawaita watu wa wanyamapori."

"Kwa mjumbe? Mwenye mdomo ule? Mpaka magharibi Kariakoo yote inajua. Haya, libebe wewe."

Nikalikumbuka somo langu mwenyewe, hasa pale pa gamba moja.

"Mimi... nina mafua, bibi."

Akanisonya sonyo refu. Akapanda kigoda, akakata uzi, akafungua kitambaa. Ndani, kwenye chetezo, mkaa wa udi ulikuwa bado mwekundu.

"Likiungua, hakuna gamba, hakuna jela. Wewe shika mlango."

Basi mtetezi wa wanyama akashika mlango, ushahidi uteketezwe.

Gamba halikuungua. Lilijikunja, likalainika, likaanza kudondoka matone meusi, na chumba kizima kikanuka kandambili iliyoanguka jikoni.

Bibi akainama, akanusa, akanyanyuka taratibu.

"Plastiki?"

Nikajikohoza. Mtaalamu wa kakakuona nikainama, nikanusa na mimi.

"Yule muuza dawa kaniapia kwa Mungu! Miaka yote nalindwa na beseni!" Akanigeukia. "Sasa wewe unayewajua, nitafutie la kweli."

Somo langu lilikuwa limemwongezea kakakuona mteja. Hapo mjukuu akaingia ndani, akipita chini ya mlango ule ule.

"Bibi, mahasidi walishawahi kukupata?"

"Thubutu! Wangeanzia wapi?"

"Basi si plastiki inatosha? Tukate kandambili yangu ya zamani, tuifunge kitambaa kile kile."

Bibi akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda. "Kanawe mikono ule, mshenzi we." Binti akakimbilia uani, begi bado mgongoni.

Mimi nikaaga kwa adabu zote.

"Nenda, baba," bibi akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Na kesho wafundishe mbuzi. Wapo wengi, na angalau unawajua."